Barua ya wazi kwa Bodi na Mkuu wa Chuo: maabara ya vitendo isiwe ya siku ya mtihani tu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo,
na Ndugu Mkuu wa Chuo,
Tanga.

YAH: WANAFUNZI WA UUGUZI KUPIMWA KWA VIFAA AMBAVYO HAWAKUFANYIA MAZOEZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakufunzi wa vitendo, pamoja na wauguzi wa wodini tunaowapokea wanafunzi wenu wanapokuja fildi. Jina la chuo hatulitaji, kwa kuwa wahusika wanajijua. Malalamiko haya yalipita kwanza katika njia zake: yalisemwa kwenye vikao vya idara, yakaingia kwenye mihtasari, yakapelekwa kwa barua za ndani zilizogongwa mhuri wa kupokelewa. Jibu likawa "linafanyiwa kazi". Mihula imepita na ufunguo wa maabara bado uko palepale. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani, kwa heshima ileile, ila bila kunong'ona.

Hoja yetu ni moja. Chuo kina maabara ya vitendo. Ina vitanda, ina manikini, yaani wanasesere wa umbo la mtu wa kufanyia mazoezi, ina mikono ya bandia ya kuchomea sindano, na siku ya ukaguzi ilipendeza kweli. Lakini mlango wake hufunguliwa kwa mambo mawili, wageni na mtihani. Mwanafunzi anaingia mle kupimwa stadi ambayo hakupewa nafasi ya kuirudia na kuikosea pasipo kumdhuru mtu. Mazoezi yenyewe anakwenda kuyafanyia kwenye mkono wa mgonjwa. Mengine yote tunayoyaeleza hapa chini yanatokana na hilo.

1. Ufunguo

Maabara inafungwa pamoja na stoo saa 9:30 alasiri, wakati vipindi vya darasani navyo ndiyo vinakwisha. Tupige hesabu pamoja. Chukueni darasa la wanafunzi 120 na mkono mmoja wa bandia wa kuwekea kanula, ule mrija mdogo wa kuingizwa mshipani. Zoezi kamili, kuanzia kumsalimu mgonjwa na kuhakiki jina lake hadi kuandika tarehe na saa juu ya plasta, ni kama dakika 10. Kila mmoja akilirudia mara tatu tu, hizo ni dakika 3,600, yaani saa 60. Maabara ikiwa wazi saa mbili kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kazi inakwisha mwishoni mwa wiki ya sita. Mikono ikiwa mitatu, wiki mbili. Kwa utaratibu uliopo sasa, mkufunzi anaonyesha mara moja mbele ya darasa zima huku nusu ya darasa ikichungulia juu ya mabega ya wenzao. Hapo hakuna hesabu itakayotoka, hata ukiigeuza vipi.

Kwamba kurudia ndiko kunakoleta tofauti, si jambo la kuletwa na meli. Lilipimwa hapahapa nchini. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, iliwapa wahudumu mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha wahudumu wakifanya vizuri zaidi kwenye manikini, lakini ndani ya chumba cha kuzalia mambo hayakubadilika. Baadaye yakawekwa mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, palepale kazini. Taarifa ya 2015 ikaonyesha vifo ndani ya saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango uliokua kutokana na kazi hiyo ukaingia kwenye vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Tanga hatukuwemo. Tungeweza kuanza wenyewe, kwa kugeuza ufunguo tu.

2. Manikini mbovu inafundisha makosa

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndipo penye hasara isiyoonekana kwenye daftari la mali.

Mkono wa kuwekea kanula una ngozi ya mpira na mishipa ya mpira, vyote viwili ni vya kubadilishwa. Ngozi ikishachomwa sana palepale kwenye kiwiko, inabaki na matundu. Mwanafunzi anajifunza kupenyeza sindano kwenye tundu la mwenzake. Mshipa nao ukishatoboka, maji mekundu yanavuja chini ya ngozi na damu hairudi kwenye chemba ya kanula. Mwanafunzi anaambiwa, "Chukulia imerudi, endelea." Ameshafundishwa kwamba damu isiporudi unaweza kuendelea. Akija wodini anasukuma dripu nje ya mshipa, mkono wa mgonjwa unavimba, na sisi tunabaki kueleza ndugu zake.

Manikini ya kukandamiza kifua ina springi na kifaa kinacholia kina kikifika. Mtu mzima anakandamizwa sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Springi ikilegea, kifua kinashuka kwa kusukumwa na viganja tu. Mwanafunzi anatoka akiamini kazi hiyo ni nyepesi, na siku ya mgonjwa wa kweli kifua hakishuki hata nusu ya kinachotakiwa.

Ya mtoto mchanga ni mbaya zaidi. Mfuko wa pafu ukipasuka, kifua hakipandi hata barakoa ikikaa sawasawa, kichwa kikiwa katika mkao wake na ambu, ule mfuko wa kupumulishia, ikibanywa kwa utaratibu wa pumzi 40 kwa dakika. Mwanafunzi anabana kwa nguvu zaidi akidhani kosa ni lake. Kwenye mtihani anaandikiwa sifuri penye "kifua kinapanda". Kwenye pafu la mtoto wa kweli, nguvu hiyo ya ziada inaweza kulipasua.

Modeli ya kuwekea mpira wa mkojo inaharibiwa na vaselini. Mafuta ya petroli hulainisha na kuvimbisha mpira, baada ya muda njia inanata na katheta haipiti. Kinachotakiwa ni kilainishi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya modeli yenyewe, na mara nyingi maji ya sabuni laini yanatosha. Njia ikishanata, mwanafunzi anazoea kulazimisha. Anajaza puto la katheta kabla hajaona mkojo, kwa sababu kwenye modeli ile mkojo haujawahi kuonekana. Kosa hilohilo kwa baba mwenye tezi dume iliyovimba linaleta damu na jeraha la njia ya mkojo.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Tanga ni unyevu na chumvi. Betri zinazoachwa ndani ya manikini kipindi cha likizo zinatoa maji na kula nyaya. Maji mekundu yakilala kwenye mishipa ya mkono yanaota ukungu, hasa masika. Kiyoyozi kinazimwa usiku ili kubana umeme, hewa yenye unyevu inaingia kwenye vifaa vya kielektroniki vilivyopoa na kugeuka matone ya maji. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kifaa kisicho na stabilaiza ndiyo kwaheri. Na kuna mtu aliyeamua kuzifunga manikini kwa magazeti zisipate vumbi. Nia yake ilikuwa njema. Ila wino wa gazeti unaingia kwenye plastiki na hautoki, sawa na wino wa kalamu, na sawa na iodini ambayo wanafunzi wanaachwa waitumie kusafishia ngozi za manikini.

Dawa ya haya yote si ghali: kutoa betri, kusukuma maji safi kisha hewa kwa bomba la sindano hadi mishipa ikauke, kuhifadhi ndani ya mifuko au mashuka meupe, kufuta uso wa manikini kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi hiyo imeandikwa jina lake.

3. Vitu vinavyokwisha

Bajeti inanunua manikini, kisha hainunui kanula. Kanula moja inapita mikononi mwa darasa hadi ncha yake inakunjika, na iliyokunjika haiingii mshipani, iwe wa mpira au wa mtu. Glovu zinavaliwa, zinavuliwa, zinaanikwa. Sefti boksi, lile la kutupia sindano, hakuna, kwa hoja kwamba "hii si damu ya kweli". Matokeo yake mwanafunzi anazoea kurudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, na mazoea hayo anakuja nayo wodini. Boksi liwepo, lijae robo tatu lifungwe, kama ilivyo hospitali.

4. Maji

Sinki lipo, bomba ni kavu. Kunawa mikono kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60, hatua kwa hatua. Kwenye mtihani wanafunzi wanasema, "Hapa ningenawa mikono," na wanapewa alama. Hatuna la kuongeza.

5. Dawa zinazofundishwa ubaoni

Kuna makosa ambayo hayaonekani hadi mtu ashike chupa na bomba la sindano. Artesuneti ya malaria kali ni mfano mzuri. Chupa ina unga wa mg 60. Unaweka ml 1 ya sodiamu baikaboneti, unatikisa hadi maji yawe maangavu, kisha kwa sindano ya mshipani unaongeza ml 5 za maji ya chumvi. Unapata ml 6, kila ml 1 ina mg 10. Kwa sindano ya msuli unaongeza ml 2 tu, hapo kila ml 1 ina mg 20. Mtoto wa kilo 10 anapewa mg 3 kwa kila kilo, yaani mg 30, ambazo kwa mshipani ni ml 3. Mwanafunzi anayekariri "mtoto wa kilo 10, ml 3" bila kujua ametengeneza mchanganyiko upi, akishika ule wa msuli atatoa mg 60. Ubaoni wote wanapata jibu. Wape chupa mbili zilizochanganywa tofauti, uone.

Au magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Ampuli ya asilimia 50 yenye ml 10 ina gramu 5. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, kwa hiyo unavuta ml 8, unaongeza ml 12 za maji ya sindano, unapata ml 20 za asilimia 20, na unazisukuma polepole. Kisha gramu 5 kila tako, pamoja na ml 1 ya lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2 ndani ya bomba hilohilo. Kabla ya dozi inayofuata unahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, unagonga goti, unaangalia mkojo usipungue ml 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kuokoa magnesiamu ikizidi, iko mezani. Hayo ni kazi ya mikono kuliko ya kichwa. Kuvuta ampuli mbili bila kuzichanganya na nyingine huku mama anatikisika na mtu anakuuliza "tayari?", hakusomwi kwenye noti.

Tuliwahi kupendekeza chupa na ampuli tupu zijazwe maji, zipewe lebo nyekundu "KWA MAFUNZO TU", na zisivuke mlango wa maabara. Hilo la mlango ni la lazima: dawa bandia ikiingia wodini ni janga. Pendekezo likajibiwa kwamba ni hatari. Hatari hiyo inazuiwa na daftari na kabati lenye kufuli. Mwanafunzi asiyejua kuchanganya dawa hazuiwi na kufuli.

6. Mtihani wenyewe

OSCE, yaani mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, ilibuniwa na Ronald Harden na wenzake, Dundee, Scotland, na kuchapishwa 1975, ili mwanafunzi asiponzwe wala kubebwa na bahati ya mtahini mmoja na mgonjwa mmoja. Kila mtu anapita vituo vilevile, muda uleule, kwa orodha hakiki ileile. Hapa kwetu umebaki umbo tu.

Kwanza muda. Vituo 10 vya dakika 6, na dakika 1 ya kuhama, ni dakika 70 kwa wanafunzi 10. Wanafunzi 120 ni mizunguko 12, saa 14 bila kunywa maji. Chuo kinaifanya kwa siku moja. Kinachofanyika ni kupunguza dakika hadi 3 na vituo hadi 5, kisha mtahini anasema, "Nieleze tu utafanyaje." Huo ni mtihani wa mdomo uliovaa koti jeupe. Mistari miwili inayokwenda sambamba ingemaliza kwa saa 7, kwa watahini 20. Wauguzi wasimamizi wa wodini tuko tayari kuja kutahini. Hatujawahi kuitwa.

Pili, orodha hakiki. Ile ya kanula ina vipengele 20, kila kimoja alama 1. Kusalimia ni 1. Kujitambulisha ni 1. Kufungua tonikete, ule mkanda wa kubana mkono, kabla ya kuruhusu dripu ni 1. Kutupa sindano kwenye boksi ni 1. Mwanafunzi aliyesahau tonikete na kurudishia kifuniko cha sindano anapata 18 kati ya 20, anapongezwa. Kuna hatua ambazo mtu akizikosa amekosa kituo kizima, hata kama tabasamu lake ni zuri: utambulisho wa mgonjwa, mzio, dozi, usafi wa sehemu ya kuchoma, kutupa chenye ncha kali. Ziwekewe nyota na wanafunzi wazijue tangu wiki ya kwanza. Pembeni mwa vipengele pawe na alama ya jumla ya mtahini kuanzia hafai, mpakani, hadi anafaa, ili asilimia 50 ya kufaulu isiwe namba iliyoanguka kutoka juu.

Tatu, siri. Kundi la asubuhi linatoka na kukutana na la mchana langoni, simu mkononi. Mchana alama zinapanda. Hakuna aliyejiuliza kwa nini? Chumba cha kusubiri na kikapu cha simu ndivyo vinavyohitajika, na walinzi wapo.

Nne, vifaa. Hakuna anayekagua manikini asubuhi ya mtihani. Mkono unavuja kituo cha nne kuanzia mwanafunzi wa pili, na wanaofuata wote wanapimwa kwa mkono uliokauka. Kituo ambacho kifaa chake kimeharibika kinapaswa kusimamishwa, kifaa kibadilishwe, na walioathirika warudie. Mwanafunzi aliyefeli kwa sababu ya mpira uliotoboka ana haki ya kukata rufaa. Anaikata wapi? Fomu hiyo haipo.

7. Baada ya zoezi

Tunalitaja kwa ufupi, ingawa wataalamu wengi watasema ndilo kubwa. Zoezi la dakika 10 linahitaji majadiliano ya dakika 20: nini kilitokea, kwa nini uliamua hivyo, safari ijayo utafanya nini. Kundi lisizidi wanafunzi 8. Kuongoza majadiliano hayo ni ujuzi wa kufundishwa. Mkufunzi asiyefundishwa anageuza kikao kuwa cha kukaripia. Wanafunzi wakishakaripiwa mbele ya wenzao wanaacha kujaribu, wanabaki kuchungulia.

Tunajua majibu yatakayokuja, tumeshayasikia.

"Hakuna fedha." Kwa manikini mpya ya kielektroniki, tunakubali, na wala hatujaiomba. Sponji la godoro lililofunikwa kwa reksini linatosha kwa sindano ya msuli, na fundi yeyote wa viti Ngamiani analishona. Mpira wa dripu iliyotumika kwenye maabara, ukilazwa chini ya sponji jembamba na kujazwa maji yenye rangi ya chakula, ni mshipa. Kondo la nyuma linashonwa kwa kitambaa na fundi cherehani. Kwa somo la kutokwa damu baada ya kujifungua, pima ml 500 za maji mekundu, zimwage kwenye kanga, waulize wanafunzi ni kiasi gani. Wengi watataja kidogo kuliko ilivyo, kwa kuwa jicho la mtu, hata mzoefu, hupunja damu iliyonywewa na nguo. Mwaga tena ml 1,000. Zoezi hilo ni robo saa na linafundisha kuliko slaidi yoyote.

"Vitaharibika." Ndiyo, vitachakaa, vimetengenezwa vichakae. Hata vikikaa kabatini vinaharibika, tena bila kumfundisha mtu. Mpira unakauka na kupasuka wenyewe kwa joto la hapa.

"Watajifunza hospitali." Kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wengi wa vyuo mbalimbali, na mama anayejifungua hakuja kuwa darasa. Dharura nazo haziji kwa ratiba. Mwanafunzi anaweza kumaliza fildi ya wodi ya wazazi bila kuona hata kifafa kimoja cha mimba, kisha wiki ya kwanza ya ajira, zahanati ya ndani huko Kilindi au Handeni, akaletewa kimoja usiku.

"Kuna utafiti unaosema maabara inaweza kuchukua nafasi ya wodi." Huu nao tumeusikia, safari hii kutoka upande wa pili, kwa wanaotaka kupunguza posho za fildi. Utafiti unaotajwa ni wa Marekani, ulichapishwa 2014, ulifuata wanafunzi 666 wa vyuo 10, na ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za wodini zinaweza kubadilishwa bila matokeo kushuka. Lakini ni pale ambapo wakufunzi wamefundishwa kazi hiyo, vifaa vinafanya kazi na majadiliano yanafanyika kila mara. Chuo kisicho na hata kimoja kati ya hivyo kisiutumie. Tunataka maabara imwandae mwanafunzi kwa ajili ya wodi. Hatujasema impunguzie wodi.

"Tumepita ukaguzi." Mkaguzi alihesabu manikini. Hakupewa daftari la matumizi, kwa kuwa halipo.

Tunachoomba, Waheshimiwa, ni hiki:

Kwanza, kabla ya muhula ujao kuanza, maabara iwe wazi hadi saa 12 jioni siku za kazi, na Jumamosi asubuhi, chini ya msimamizi mmoja aliyetajwa kwa jina na kupunguziwa vipindi vya darasani. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kumsaidia kwa zamu. Pawe na daftari mlangoni: nani ameingia, amefanya zoezi gani, mara ngapi.

Pili, kila kifaa kikaguliwe mbele ya wawakilishi wa wanafunzi, na orodha ibandikwe: kinachofanya kazi, kinachotengenezeka, kilichokufa. Vipuri vya kubadilisha, ngozi, mishipa, mifuko ya mapafu, viagizwe kabla ya kununua manikini nyingine yoyote.

Tatu, vitu vinavyokwisha viwe na kifungu chake kwenye bajeti, kinachohesabiwa kwa idadi ya wanafunzi, si kwa masalia ya stoo. Bomba la maji litengenezwe. Hili la bomba halihitaji kikao.

Nne, mwanafunzi asipimwe kwa OSCE stadi ambayo daftari halionyeshi kwamba amepewa nafasi ya kuifanya angalau mara tatu chini ya uangalizi. Chuo kikishindwa kumpa nafasi hiyo, kituo kiondolewe kwenye mtihani.

Tano, orodha hakiki zipitiwe upya pamoja na wauguzi wa wodini, hatua za lazima ziwekewe alama, muda usipungue dakika 6 kwa kituo, na fomu ya rufaa iwepo.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye tarehe na jina la mtekelezaji kwa kila ombi. Penye "hapana", itajwe sababu yake. Jibu libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa chuo, upande wa wanafunzi, kwa kuwa wao ndio wanaolipa ada ya vitendo kila muhula na risiti wanazo. Siku hizo zikipita kimya, barua hii pamoja na nakala za barua za ndani zitapelekwa kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga na kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, tukiomba ukaguzi wa daftari la matumizi badala ya hesabu ya manikini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakufunzi wa vitendo na wauguzi wasimamizi wa wanafunzi,
Tanga.

Nakala:
Wawakilishi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu
Wauguzi viongozi wa wodi zinazopokea wanafunzi